Deki ya bwawa la nyumbani: panga njia ya maji kabla ya rangi

Wiki hii nimeulizwa swali moja na watu watatu, wote hapa Uganda, mmoja anajenga Kira, mwingine Entebbe na wa tatu ni mama mmoja wa Mbarara. Wote bwawa la kuogelea limeshaisha na sasa wanataka kumwaga zege pembeni, ile sehemu ya kutembea na kuweka viti ambayo sisi mafundi tunaiita deki. Na wote watatu wameanza na rangi, fundi tuweke ya kijivu au ile ya maziwa? Ndugu zangu rangi ni kitu cha mwisho kabisa. Kwanza niambie maji yatapita wapi na chini ya hilo zege kuna udongo gani, ukishanijibu hayo mawili kazi ngumu umemaliza.

Niwaambie kwa nini nasisitiza. Kuna saiti moja nilikuwa foremani, upande wa Ggaba, kiwanja cha mlimani, bwawa la mita 8 kwa 4. Shimo lilichimbwa pana kuliko bwawa, karibu mita nzima kila upande ili watu wapate pa kusimama wakifunga nondo na kupiga plasta, hiyo ni kawaida ya kazi. Kosa lilikuja wakati wa kurudisha udongo. Tuliurudisha wote siku moja kwa kolego, vijana wakaukanyaga kwa miguu, ukaonekana umejaa, juu tukapanga mawe na kumwaga zege zuri tu la sentimita 10. Mvua za Machi mpaka Mei zikapita, mwezi wa nane mwenye nyumba akanipigia. Nilipofika nilikuta deki imeinama kuelekea bwawani, imeachana na kopingi (mawe ya ukingo juu ya ukuta wa bwawa) na ufa unapitisha kidole. Tulipovunja, zege lilikuwa gumu mpaka nyundo inaruka, ila chini yake kulikuwa na uwazi wa karibu sentimita 6, udongo ulishashuka na zege likabaki linaning'inia. Niliumia sana maana yule mzee alilipa kila shilingi aliyoombwa na hakutubana hata siku moja.

Kwa hiyo anza na ule mwanya kati ya ukuta wa bwawa na udongo wa asili. Toa matope, vipande vya mbao, mifuko ya simenti na takataka zote zilizotupwa humo wakati wa ujenzi (utashangaa vitu vinavyotoka humo). Usirudishe udongo wa mfinyanzi uliochimbwa, leta maramu nzuri, ile nyekundu yenye punje punje. Jaza tabaka la sentimita 15, shindilia, jaza lingine, shindilia, hivyo hivyo mpaka juu. Maramu iwe na unyevu wa kiasi: kamata ngumi moja, ibane, ukifungua mkono ibaki donge, na donge likianguka chini livunjike vipande viwili vitatu. Likisambaratika kama vumbi ongeza maji, likibaki zima limebapa kama chapati ujue imelowa mno, subiri jua. Nusu mita ya kwanza kutoka kwenye ukuta wa bwawa tumia shindilio la mkono au kompakta ndogo (mashine ya kushindilia), usipeleke mashine nzito pale, na ni vizuri bwawa liwe limejaa maji wakati huo ili ukuta usisukumwe na upande mmoja tu. Pale ambapo mwanya ni mwembamba hata shindilio haliingii, usijidanganye kwa kumwagia maji ukidhani udongo utajipanga wenyewe, jaza zege dhaifu umalize. Na kama una subira acha msimu mmoja wa mvua upite juu ya huo udongo kabla ya zege. Najua wengi hamtasubiri, bwawa lishajaa na watoto wanalilia kuogelea, lakini mvua itakuonyesha pale kompakta ilipokosa.

Walio mabondeni karibu na maeneo ya kinamasi, na walio kwenye udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka kama ule wa Karamoja, hao wamwite injinia aangalie udongo kwanza, hapo maneno yangu hayatoshi. Jambo moja tu nawaambia, mahali ambapo maji ya ardhini yako juu usiwahi kutoa maji yote bwawani wakati wa mvua, bwawa tupu linaweza kunyanyuliwa na maji ya chini kama mtumbwi na likinyanyuka deki yote inaondoka nalo.

Kabla hujafunika, mabomba. Mabomba ya kuvuta na kurudisha maji yote yanapita chini ya deki, kwa hiyo yajaribiwe kwa presha yakiwa bado yanaonekana, weka geji, yaache usiku kucha, asubuhi sindano iwe pale pale. Halafu chukua simu piga picha kila kona ukiwa umelaza tepu ya kupimia pembeni ya bomba, picha hizo zihifadhi kama unavyohifadhi hati ya kiwanja. Na laza bomba tupu mbili tatu za ziada zivuke chini ya deki kutoka upande mmoja mpaka mwingine uzibe midomo, kwa sababu mwaka kesho utataka taa ya bustani au bomba la kumwagilia na bila hizo utakata zege.

Sasa maji. Tuchukue mfano wa bwawa lile la 8 kwa 4 na deki ya mita moja na nusu kila upande. Nje itakuwa 11 kwa 7, yaani mita za mraba 77, toa 32 za bwawa, deki inabaki 45. Ikinyesha mvua ya milimita 50, na sisi wa Kampala tunazijua zile za mchana zinazokuja na radi, hiyo deki peke yake inapokea lita 2,250. Bwawa nalo linapokea lita 1,600 na kupanda sentimita 5. Ongeza yanayoruka watoto wakidumbukia, ongeza ya kuosha filta. Hayo maji yote lazima yawe na njia uliyoichora wewe kwenye karatasi, usipoyachorea yatajichagulia, na njia yanayoipenda ni chini ya zege lako au kwenye msingi wa nyumba.

Deki iteremke kutoka bwawani kwenda nje, sentimita 2 kwa kila mita. Kwa upana wa mita moja na nusu ni sentimita 3, jicho halioni lakini maji yanaona. Isiteremke kuelekea bwawani maana kila vumbi, jani na sabuni ya kuoshea deki itaishia kwenye maji unayoogelea, na isiteremke kuelekea ukuta wa nyumba. Kama upande mmoja umebanwa kati ya bwawa na nyumba, weka mfereji mwembamba wenye wavu katikati, pande zote mbili ziteremkie humo, na mfereji wenyewe uwe na slopu na mahali pa kumwaga. Deki ibaki chini ya sakafu ya nyumba kwa sentimita 10 hadi 15. Maji ya paa yasishuke kwenye deki hata kidogo, yashike kwa gata yapeleke kwenye tangi. Walio mlimani, na Kampala nani hayuko mlimani, wachimbe mtaro upande wa juu kabla ya deki ili maji ya jirani wa juu yakatike pale, ndani weka kokoto na bomba lenye matundu.

Yale ya filta na ya bwawa likijaa kupita kiasi yana klorini, usiyaelekeze kwenye migomba ya jirani wala kwenye kinamasi. Bomba la kupunguzia maji libebe moja kwa moja mpaka kwenye shimo la kunyonya au mtaro unaoruhusiwa. Na ukiwa karibu na Ziwa Nalubaale (Victoria) kumbuka kuna ukanda wa mita 200 unaolindwa kisheria, hapo anza NEMA, mamlaka ya mazingira, kabla ya fundi. Kibali cha ujenzi nacho ni lazima, chini ya sheria ya udhibiti wa majengo ya 2013, kwa hiyo deki na mitaro yake ichorwe kwenye ramani pamoja na bwawa, walio Kampala wanapeleka KCCA (mamlaka ya jiji) na wengine kwa ofisa majengo wa wilaya au manispaa yao.

Upana sasa. Mita 1.2 ndio kiasi cha chini cha watu wawili kupishana bila mmoja kuanguka majini, kwa hiyo pande tatu zinaweza kuwa hivyo au moja na nusu. Upande wa nne, ule mtakaokaa, upe mita 2.5 hadi 3, kiti cha kulalia pekee kinakula karibu mita 2 na mtu lazima apite nyuma yake. Usiamini mchoro tu, chukua jivu au chokaa chora mistari chini, panga viti vya plastiki na meza, waite watu wa nyumbani wapite wakiwa wamebeba masinia. Fanya hivyo saa kumi na moja jioni, ndio wakati mtatumia sana, uone kivuli cha nyumba na ukuta kinaangukia wapi. Huku kwetu jua la adhuhuri liko utosini karibu mwaka mzima kwa hiyo kivuli cha mchana ukitafute kwa mwavuli au banda, na tundu la nguzo ya mwavuli lipangwe sasa kabla ya zege. Mti wa mwembe, ovakado au fenesi karibu na deki ni majani kila siku na mizizi inayonyanyua zege, kama upo tayari sogeza deki, kama haupo usiupande.

Uzio. Hapa naomba mnisikilize kama mzazi. Mtoto wa miaka miwili hapigi kelele akizama, anakaa kimya, na dakika chache zinatosha. Weka uzio wa angalau mita 1.2 usio na pa kukanyagia, na geti linalojifunga lenyewe na komeo liko juu. Nguzo zake zinapandwa kwenye misingi yake kabla ya deki kumwagwa, ukisema utaweka baadaye utatoboa zege na mara nyingi hiyo baadaye haifiki. Nimeona nyumba nzuri mno, deki ya kung'aa, uzio hakuna na watoto wanacheza mpira pembeni, moyo ulinienda mbio mpaka nikaondoka.

Umeme hivyo hivyo, usiachie kijana wa kuunga waya mtaani. Tafuta fundi mwenye kibali cha ERA (mamlaka ya kusimamia umeme), na aje kabla ya zege, kwa sababu meshi ya chuma (wavu wa nondo unaokaa ndani ya zege), ngazi ya bwawa, nguzo za uzio wa chuma na mota ya pampu vyote vinatakiwa kuunganishwa pamoja na kupelekwa kwenye ethi (waya unaoshuka ardhini), ili mtu mwenye miguu mibichi asiwe yeye ndiye waya. Taa za ndani ya maji ziwe za volti 12, na saketi yote iwe na kikata umeme cha miliampia 30.

Juu ya maramu iliyoshindiliwa panga mawe ya hadkoo sentimita 15, ziba matundu kwa changarawe, shindilia tena, tandika nailoni nzito halafu meshi. Meshi ya A142, ile ya waya wa milimita 6 kila sentimita 20, inatosha kwa deki ya kutembea. Ila ikae mahali pake, theluthi ya juu ya zege, imesimama kwenye vitofali vidogo vya zege. Ile tabia ya kuilaza chini na kumwambia kijana aivute na ndoano wakati zege linamwagwa, mimi nimevunja deki nyingi na kila mara naikuta imelala chini kabisa imegusana na nailoni, haijafanya kazi hata siku moja.

Na zege litapasuka tu, hilo likubali mapema, kazi yako ni kulichagulia mahali pa kupasukia. Gawa deki vipande, kila kipande kikaribie mraba, urefu usizidi mara moja na nusu ya upana, na kwa zege la sentimita 10 usivuke mita 2.5 au 3. Kwenye mkanda wetu wa mita moja na nusu vipande vya mita 2 vinafaa. Kila kona ya bwawa lazima mstari wa kugawa uanzie pale pale, kona ya ndani ndipo ufa unapozaliwa, usipoweka mstari zege litauchora lenyewe kwa mshazari na litachora vibaya. Kati ya deki na kopingi acha nafasi ya milimita 12 kuzunguka bwawa lote, weka fomu (ile laini kama ya godoro), deki isigusane na bwawa mahali popote. Bwawa linasimama lake na deki inacheza yake kwa jua na mvua. Kuzunguka nguzo na skima (kisanduku cha kunasa majani ukingoni mwa bwawa) fanya vile vile.

Kwa zege la kuchanganya saiti mimi napenda kumwaga kipande kimoja naruka kimoja, kama bao la drafti, kesho yake au keshokutwa najaza vilivyobaki. Hapo hauhitaji mashine ya kukata na hata mvua ikikukuta inaharibu kipande kimoja tu. Meshi iishie sentimita 5 kabla ya kila mstari, na fundi umeme aunganishe vipande kwa waya wake. Ukimwaga yote kwa pamoja, mistari ikatwe kina cha sentimita 2.5 siku ile ile au asubuhi inayofuata, ukisubiri siku tatu zege limeshaamua.

Hesabu ya vifaa kwa mfano wetu. Mita za mraba 45 mara sentimita 10 ni mita za ujazo 4.5, ongeza ya kumwagika iwe 5. Mchanganyiko ni simenti moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu, kila mita ya ujazo inakula kama mifuko 8 kwa hiyo andaa mifuko 40. Mchanga mita za ujazo 2 na kidogo, kokoto 4 na kidogo. Simenti iwe 42.5 (namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko), ile ya 32.5 iachie plasta, na angalia alama ya UNBS, shirika la viwango, na mfuko usiwe na mabonge. Mchanga wa ziwa ni mzuri ukiwa msafi ila usinunue kwa jina la mahali ulikotoka, pima: weka sentimita 5 kwenye chupa ya kioo, jaza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha masaa matatu. Tope likikaa juu ya mchanga kuzidi milimita 4, lori lirudi lilikotoka.

Kipimo kiwe boksi la mbao la 40 kwa 35 kwa sentimita 25, ujazo wake ni sawa na mfuko mmoja wa simenti. Toroli sio kipimo, asubuhi linajazwa nusu na mchana kijana akichoka linajazwa mlima. Mfuko mmoja, boksi moja na nusu la mchanga, boksi tatu za kokoto, na maji yasizidi lita 25, yaani jerikeni moja ya lita 20 na kajagi ka lita 5, mchanga ukiwa umelowa hata jerikeni haiishi. Hapa ndipo utagombana na vijana. Watataka zege la uji maana linatembea lenyewe, lakini maji yakizidi yanakauka yanaacha matundu, na juu deki inatoa unga kila ukifagia. Simama pale kwenye mikisa mwenyewe, usikae kivulini.

Siku ya kumwaga panga Desemba mpaka Februari au Juni mpaka Agosti kama uko huku kusini, anza saa moja asubuhi, na turubai liwe pale pale hata kama mbingu ni bluu. Simenti kavu kunyunyiza juu ili kukauke haraka ni marufuku, ngozi ile itabanduka. Usipige niru pia, ule uji wa simenti wa kulainisha sakafu. Niru ni ya sebuleni, kwenye maji ni kuvunja watu viuno. Lainisha kwa mbao, maji ya juu yakishanywewa pitisha ufagio mgumu kwa mwelekeo wa slopu, mistari myembamba inayoshika mguu bila kuuchubua. Hapa sasa ndio tuongee rangi: ya mwanga mwanga, ya mchanga au kijivu chepesi, rangi nyeusi saa saba mchana mtoto hawezi kukanyaga. Mwenye kutaka vigae achukue vya kuzuia kuteleza hata vikiwa vimelowa, avijaribu dukani kwa maji na sabuni na mguu mtupu. Pevaz (vitofali vya zege vya kupanga) pia sio mbaya, bomba likivuja unafukua unarudisha, ila maramu ya chini inataka heshima ile ile.

Zege likishika tu lifunike kwa magunia na ulimwagilie, siku 7 ni kiasi cha chini, 14 ndio napenda, yasikauke hata mara moja. Watu wasiburute viti, na toroli la mwisho la takataka lisipite hapo. Baada ya siku 28 ingiza kamba ya fomu kwenye ule mwanya wa kopingi na juu yake jaza silanti (dawa ya kuziba) inayovutika, polyurethane inafaa. Nimeona mafundi wanaziba pale kwa simenti, ndani ya mwezi inatoka vipande vipande na maji yanaanza kushuka kwenye ile maramu uliyohangaika nayo.

Mvua kubwa ya kwanza ikija, chukua mwavuli na chaki utoke nje inyeshe ukiangalia. Ikikatika, zungushia chaki kila mahali maji yaliposimama, yapime kwa unene wa sarafu ya shilingi 500, dimbwi likifunika sarafu iliyolazwa mwite fundi kabla hujamlipa salio.